Mwanangu, Umesikia Nini?

Nawasalimu Papa na Mama wa Rubaya, wa Ngungu, wa Nyabiondo, wa Kashebere, wa Mubi na wa Njingala. Nawasalimu pia walimu, kwa maana mwezi huu ukurasa wetu unawagusa ninyi kwa namna ya pekee. Tutazungumza juu ya sikio la mtoto.

Huku kwetu Masisi na Walikale, maneno "baada ya vita" si maneno ya wakati mmoja. Kulikuwa na baada ya vita ya 1993. Kukawa na baada ya vita ya 1996 na 1997. Kisha ikaja ile iliyoanza Agosti 1998, ambayo tuliambiwa imekwisha serikali ya mpito ilipoingia mwaka 2003. Zikafuata nyingine, na mwaka 2024 na 2025 wengi wenu mnaosoma hapa mmefunga tena vitu ndani ya kitenge na kukimbia. Kila mara mambo ni yale yale: risasi zikinyamaza kidogo, direkta anagonga kengele, batoto wanarudi masomo. Wengine wanakaa kwenye benchi, wengine juu ya mawe. Na pamoja na kaye na kalamu wanaleta masomoni kitu kingine kisichoonekana kwa macho: yale yote waliyoyasikia usiku, wakati sisi wazazi tulidhani wamelala.

Mtoto anasikia maneno ya wakubwa nusu nusu. Ile nusu nyingine anaijaza mwenyewe. Na akishaijaza, anatembea nayo kama kweli. Hapo ndipo utundu mwingi wa masomo unapozaliwa, na machozi mengi pia.

Nianze na yale ya kuchekesha.

YA KUCHEKESHA

Tangu mwaka 1971 nchi yetu, mto wetu mkubwa na feza yetu, vyote vitatu viliitwa Zaïre. Mei 1997 utawala ulibadilika, na jina likabadilika pamoja nao. Kule nilikosoma, mwalimu wa kalasi ya kwanza aliwaambia watoto wake: "Kuanzia leo Zaïre imekufa, sisi ni Kongo." Mtoto mmoja akafika nyumbani mbio. "Mama, kesho hatusomi, kuko matanga." Mama akaacha sufuria, akashika kichwa. "Nani amekufa?" "Zaïre." Mama akafikiri, akauliza: "Zaïre wa kwa nani?"

Mobutu Sese Seko alifariki Maroko mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Miaka miwili baadaye, Julai 1999, wakubwa walitia sahihi mapatano kule Lusaka ya kusimamisha vita. Redio ikawa inasema kwa Kifaransa asubuhi na jioni: cessez-le-feu, cessez-le-feu. Mdogo wangu alisikiliza siku tatu, ya nne akamwuliza Papa kwa sauti ndogo: "Papa, Sese amerudi?" Papa akashangaa. "Sese gani? Si alikufa?" "Redio inasema Sese-le-fe."

Na ninyi wa Walikale mnakumbuka Septemba 2010, wakati Rais alipokataza uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema. Kule Bisie watu walisema "mlima umefungwa", na mpaka Machi 2011 ulikuwa ungali umefungwa. Mama mmoja wa Njingala alinihadithia kwamba mtoto wake alikuwa anamwuliza kila jioni: "Funguo ya mlima iko na nani?" Mama anajibu iko na Rais. Mtoto naye anasema: "Basi, bamwombe. Si Papa ameacha kofia yake kule ndani?"

Tunacheka, na kucheka si vibaya. Watoto hawa hawakusema uongo. Walisikia vizuri kabisa, na wakafikiri sawa sawa juu ya kile walichosikia. Neno ndilo lilikuwa na mlango mwingine ambao mkubwa hakuuona.

MTOTO WA VITA

Lakini si kila kosa la sikio linachekesha. Sikiliza hili.

Machi 1993 watu walishambuliwa sokoni Ntoto, katika Walikale, upande unaoelekea Masisi. Kutoka pale moto ukasambaa milima yote. Maelfu waliuawa, vijiji vikachomwa, jamaa nyingi sana zikakimbia. Mwishoni mwa mwaka ule wazee wa pande zote, wakuu wa serikali na makanisa walianza mikutano ya kupatanisha, na utulivu kidogo ukarudi. Masomo yakafunguliwa. Mimi nilikuwa kalasi ya ine katika shule moja ya milima ya Masisi. Tulikuwa tumechanganyika: wa miaka kumi na wa miaka kumi na tano benchi moja, kwa sababu wakubwa walikuwa wamepoteza mwaka. Na walikuwako wageni, watoto waliotoka mbali na mama zao, bila kaye, bila viatu.

Usiku katika kila nyumba wakubwa walizungumza. Vita ilitoka wapi? Jibu lilikuwa moja: "Ilianzia Ntoto." Sasa wewe unajua midomo ya watu wetu. Wengi wakitaka kusema "mtoto" wanasema "ntoto". Basi watoto wa kalasi ya pili walisikia kwamba vita ilianzishwa na mtoto.

Siku moja wakati wa rekre wakakata shauri kumtafuta. Walisimama duara nyuma ya choo, wakaanza kuulizana mmoja mmoja kama wanavyouliza askari: "Uko wa wapi? Ulifika siku gani? Ulikuwa wapi siku ile?" Kila mmoja alikuwa na jibu na shahidi wake. Mpaka wakafika kwa mvulana mmoja mgeni. Sitaandika kabila lake. Labda ungependa kulijua, ndugu msomaji, na mimi pia naona watu wanavyoniuliza kila mara ninapohadithia jambo hili. Tuliache.

Mvulana yule hakujibu. Wakamsukuma. Wakamwuliza tena. Akaanza kulia, akasema: "Njo mimi."

Mwalimu wao, mama mmoja mpole lakini mwenye fimbo, alisikia kelele akaja. Aliona kundi limemzunguka mgeni, na katika mwaka ule kila mtu alijua kundi linalomzunguka mgeni maana yake ni nini. Aliinua fimbo. Sisi wa kalasi ya ine tulikuwa tumesimama kando tukitazama. Kabla ya kupiga akauliza: "Munamufanya nini?" Wakajibu kwa furaha, kama watu waliofanya kazi nzuri: "Mwalimu, tumepata mutoto wa vita! Amekubali mwenyewe!"

Fimbo ikashuka. Akauliza neno ambalo nimelikumbuka mpaka leo: "Mulisikia nini?" Wakamwambia. Akamgeukia yule mvulana: "Na wewe, ulisikia nini?"

Mvulana akaeleza. Siku ile alikuwa amepigana na mwenzake sokoni juu ya muwa. Mwenzake akalia kwa nguvu, akakimbia kuita kaka zake. Usiku ule ule nyumba zikaanza kuwaka. Tangu hapo, kila aliposikia wakubwa wanasema vita ilianzia kwa mtoto, yeye alijua ni mtoto gani.

Msomaji, alikuwa na miaka kama saba. Alitembea na mzigo huu kwa miezi, kutoka msituni mpaka milimani, karibu na mama yake, na mama hakujua.

Mwalimu aliwaingiza wote ndani, na sisi tukachungulia dirishani. Akachora kwenye tablo barabara, mto, vilima, na msalaba mdogo pembeni. Akaandika juu NTOTO na chini yake MTOTO. Watoto wa kalasi ya pili walikuwa ndiyo wanajifunza kuunganisha herufi. Akawaambia wasome polepole. Wakasoma. Akawauliza tofauti iko wapi. Mmoja akasimama akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza. Mwalimu akasema: "Ya juu ni jina la mahali. Kuko soko pale, kuko watu. Ya chini ni ninyi."

Yule mvulana akauliza: "Basi, si mimi?"

Akamjibu: "Si wewe. Ni watu wakubwa."

Jioni mwalimu alikwenda kwa mama yake. Kumbe mama alikuwa anamchapa mara kwa mara kwa sababu mtoto alikataa kutumwa sokoni. Hata chumvi hakutaka kununua. Mama alidhani ni uvivu.

BURE NA BURE

Utasema hayo ni ya zamani. Hapana. Sikio la mtoto halikubadilika.

Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo. Kalasi zilijaa, walimu wakahangaika, lakini watoto wengi waliokuwa wanafukuzwa kwa minerval waliingia. Huku kwetu habari ile ilitangazwa kwa maneno matatu: masomo ni bure. Sasa fikiri neno "bure" katika mdomo wa jamaa yako. Mtoto amelima siku nzima na mvua ikaharibu: "tumefanya kazi bure." Mtu mjinga tunasema "mtu bure". Mvulana mmoja wa Walikale aliacha kalasi ya tano akaenda kuwabebea maji wachimbaji wa shimo moja, akitumaini kuwa PDG siku moja. Mwalimu alipomkuta njiani na kumgombeza, alijibu bila matusi: "Mwalimu, hata redio ilisema masomo ni bure. Kolta haiko bure."

Ungempiga? Mwalimu yule alikaa naye juu ya jiwe akamweleza maana mbili za neno moja. Akamweleza pia kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamhesabu kuwa mtoto mpaka atimize miaka kumi na minane, na kwamba shimoni si mahali pake. Sitasema kila mtoto aliyeko mgodini ameenda kwa sababu ya neno. Wengi wamesukumwa na njaa, na njaa haiondolewi kwa maelezo. Lakini huyu alirudi.

JETON YA REKRE

Jambo la mwisho nalijua kwa sababu komite ya wazazi iliniita, katika shule moja iliyo karibu na barabara ya Masisi. Wavulana wa kalasi ya tano walikuwa wamefunga kamba ya mgomba kwenye njia ya kuingia masomoni. Kila mdogo aliyepita alitoa kitu: kipande cha muhindi wa kuchoma, kiazi, kalamu. Mwenye kutoa alipewa kakaratasi kaliokatwa kwenye kaye, kana alama ya wino, ili asilipe tena siku ile. Kakaratasi kale wenyewe walikaita jeton.

Wazazi wa wadogo walikasirika. Walitaka wale wavulana wafukuzwe, wakisema ni wezi, watakuwa maaskari wa msituni. Nilimwuliza mmoja wao: "Mwanangu, kwa nini unaiba viazi vya wadogo zako?" Aliniangalia kwa mshangao. "Pasta, sisi hatukuiba. Tulitoa jeton."

Nyumba ikanyamaza. Ni nani kati yetu asiyejua alikojifunza? Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu barieri 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Mtoto anayekwenda soko na mama yake anaona kamba, anaona mama anatoa, anaona karatasi, anaona mama anashukuru na kupita. Ameelewa kwamba kuchukua bila karatasi ndiyo wizi, na kuchukua kwa karatasi ndiyo kazi.

Hatukuwafukuza. Walirudisha: kila mmoja alileta muhindi kwa wadogo kwa juma zima, na kamba walikata wenyewe mbele ya wote. Na direkta aliahidi kufundisha kalasi zote tofauti kati ya kodi na unyang'anyi. Mzee mmoja wa komite akacheka kidogo akasema hata yeye angependa kulihudhuria somo lile.

UTUNDU NI UTUNDU

Sitaki mtu aseme Pasta amekataza kurudi watoto. Utundu uko, na Mungu aliwaumba hivyo. Kule kwetu kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na ilipigwa kwa kipande cha chuma. Wakubwa wa kalasi ya sita walificha kile chuma ndani ya rundo la majani, na rekre ile ikaendelea mpaka jua likawa juu ya vichwa, direkta akizunguka akitafuta, nasi tukipiga mpira wa majani ya migomba. Waliojificha nyuma ya jambo lile walijua vizuri walichofanya. Wakalima shamba la masomo siku mbili, na haki ilitendeka.

Lakini utajuaje huyu ni mtundu na huyu amekosa kusikia? Huwezi kujua kabla ya kuuliza. Kumbuka Samweli alipokuwa mtoto hekaluni. Usiku aliitwa kwa jina, akaamka akakimbia kwa Eli. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mzee amelala, macho yake ni dhaifu, na mtoto anamwamsha bure. Wangapi kati yetu wangechukua mshipi kwenye mara ya pili? Eli hakumpiga. Mara ya tatu alifahamu kwamba mtoto alisikia kweli, ila hakujua ni nani anayesema. Akamfundisha namna ya kujibu. Kama Eli angempiga, Samweli asingeamka tena.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, ulizo la "umesikia nini?" litangulie ulizo la "kwa nini umefanya?" Mtoto akiulizwa "kwa nini" anaogopa, anatafuta uongo. Akiulizwa amesikia nini, anahadithia.

Pili, mkizungumza vita usiku, kumbukeni ukuta wa mbao na shitingi hauzuii neno. Kama lazima mzungumze, asubuhi mwambieni mtoto kwa maneno kamili: mahali panaitwa hivi, mwaka ulikuwa huu, na si kosa lako. Hilo la tatu mseme hata kama hakuuliza.

Tatu, jina la kabila likitumika kama tusi katika rekre, lisipite hata siku moja. Mtoto hakulitunga. Mwulize amelisikia kwa nani, na mzazi uwe tayari kwa jibu.

Ine, mtoto anayekataa kitu bila sababu (soko, mto, njia fulani, mtu fulani) usiseme upesi ni mvivu. Wengi waliokuwa Bulengo na Rusayo karibu na Goma walirudi milimani baada ya kambi kuvunjwa Februari 2025. Watoto wao wako sasa katika kalasi zetu, na ndiyo hawa wasiotaka kutumwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA

1. Papa na Mama: ni neno gani la wakubwa mlilolisikia vibaya mkiwa wadogo? Wahadithieni watoto, mcheke pamoja.

2. Watoto: ni neno gani la redio au la wazee ambalo hamjaelewa? Semeni bila woga.

3. Katika masomo yenu, ni mtoto gani ambaye hachezi na wengine wakati wa rekre? Nani atamwita kesho?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mashemeji wanaokaa nyumba moja. Mbaki na amani.